DPPH: mafuta ya karafuu yamegota 94%, ya mchaichai hayasogei. Tatizo liko wapi?

Pipeti
Wakuu, salaam. Nalinganisha nguvu ya antioksidanti ya mafuta ya karafuu za Pemba na ya mchaichai, yote yamekenekwa kwa mvuke. Natumia DPPH, kemikali ya zambarau inayofifia ikikutana na antioksidanti; nasoma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanometa 517 baada ya nusu saa gizani. Sampuli ni mg 0.1 hadi mg 1 kwa ml, nimezizimua kwa methanoli na maji nusu kwa nusu. Karafuu inamaliza 93–94% ya DPPH kwenye kila ukolezi, kwa hiyo IC50 (ukolezi unaomaliza nusu ya DPPH) haipatikani. Mchaichai hauvuki 20%, na mara nyingine unatoa hasi. Mafuta yameharibika au kipimo ndicho kibovu?

MkemiaWaPwani
Mkuu, karafuu umeikoleza mno. Yujenoli, ambayo ni kama 70–90% ya mafuta hayo, ni fenoli: hidrojeni ya kundi lake la OH inamfuata DPPH bila shida, na zambarau inageuka njano. DPPH ikishaisha, hata ukiongeza mafuta mara kumi namba haipandi. Wala usitegemee 100%, kwa sababu ile njano nayo inafyonza kidogo kwenye 517.

Mchaichai ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni sitrali, yaani aldehidi, haina OH ya fenoli. Kunukia sana si hoja hapa. Tegemea namba ndogo hata mafuta yakiwa mapya kabisa.

Hizo hasi zinatokana na maji. Mafuta hayayeyuki humo, yanafanya ukungu, ukungu unatawanya mwanga na mashine inausoma kama ufyonzaji. Tumia methanoli tupu.

Bi_Maabara
Naongezea hesabu. Pima DPPH mg 3.9, yeyusha kwenye methanoli hadi ml 100. Hiyo ni milimola 0.1 kwa lita. Funika chupa kwa foili na uitumie siku hiyohiyo. Changanya ml 3 za DPPH na ml 1 ya sampuli. Kidhibiti (DPPH ml 3, methanoli ml 1) kisome karibu 0.8. Kikisoma 0.4, DPPH yako imechoka au hukuiyeyusha yote.

Karafuu ianzie maikrogramu 2.5, 5, 10, 20, 40 na 80 kwa ml kabla ya kuchanganya. Mchaichai uanzie mg 1 hadi mg 20 kwa ml. Kila ukolezi uwe na sampuli tupu yake: mafuta na methanoli bila DPPH, uitoe kwenye usomaji, maana mafuta yana rangi yake.

Weka vitamini C kama mlinganisho. Molekuli moja inamaliza DPPH mbili, kwa hiyo kwa vipimo hivi IC50 yake iangukie karibu na maikrogramu 3.3 kwa ml ndani ya mchanganyiko. Ukipata 30, usiripoti chochote kuhusu karafuu. Rudi kwenye mizani na pipeti. Na useme wazi kama IC50 ni ya kabla au baada ya kuchanganya, kwa sababu tofauti ni mara nne na watu wengi hawasemi.

Nusu saa pia si amri. Yujenoli ni ya polepole kuliko vitamini C. Soma kila dakika 5 hadi namba itulie. Kyuveti iwe na kifuniko, methanoli inapaa.

Makonyo
Kabla ya yote, hayo mafuta ni ya sehemu gani? Karafuu zenyewe zina asetati ya yujenoli, hata kufika 15%. Makonyo (vikonyo vya karafuu) yana yujenoli nyingi na asetati kidogo. Majani yana kariofilini zaidi, ambayo si fenoli. Sokoni yote yanaitwa “mafuta ya karafuu”, na mengine yamechanganywa.

Kama huna GC (mashine ya kutenganisha na kupima viambato vya mafuta), tumia chupa ya kasia, yenye shingo ndefu iliyotiwa alama za ml, ya ml 150: weka mafuta ml 10, ongeza haidroksidi ya potasiamu 5% (fenoli huyeyuka humo), tikisa, pasha moto kwenye maji yanayochemka, kisha jaza hadi mafuta yaliyobaki yapande shingoni. Yakibaki ml 1.5, fenoli ni 85%. Asetati nayo inavunjika kwa moto huo na kuhesabiwa humo, kwa hiyo usiandike kuwa yote ni yujenoli huru.

Wakati wa kukeneka, kumbuka mafuta haya yanazama. Kitenganishi cha mafuta yanayoelea kitakumwagia mali pamoja na maji. Chombo kiwe cha chuma cha pua kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kinayatia weusi.

Pipeti
Shukrani. Ni ya makonyo, nimethibitisha. Mchaichai nao unafanya ukungu hata kwenye methanoli tupu, ingawa kidogo.

MkemiaWaPwani
Basi huo umekaa muda mrefu. Mirsini, kiambato kingine cha mchaichai, hujiunga kuwa minyororo mirefu, na mafuta yanaacha kuyeyuka vizuri kwenye alkoholi. Keneka mapya, kausha kwa salfeti ya sodiamu isiyo na maji, jaza chupa ya kahawia hadi shingoni, weka kwenye friji.

Bi_Maabara
Na kama lengo ni kuzuia mafuta ya kula yasichache, DPPH peke yake haitoshi. Pima thamani ya peroksidi (kipimo cha kuchacha) ya mafuta hayo ya kula, yakiwa kwenye joto la nyuzi 60, yenye karafuu na yasiyo nayo.