Mpelelezi ndani ya mwili wa baba yake: Warusi wameiharibu Life on Mars?

Mleta mada: Life on Mars, tamthilia ya polisi ya BBC (2006–2007), ilisimama juu ya fumbo moja. Mpelelezi Sam Tyler kagongwa na gari, kazindukia Manchester ya 1973: kapata wazimu, yuko kwenye koma, au kweli karudi nyuma? Warusi walipoitengeneza upya kwa ajili ya kituo cha televisheni cha Pervyi Kanal mwaka 2012, wakaiita Upande wa Pili wa Mwezi, mpelelezi wao, Mikhail Solovyov, akatoka 2011 hadi Moscow ya 1979, ndani ya mwili wa baba yake. Fumbo limegeuka mambo ya ukoo. Wameiharibu.

Mpinga hoja: Sikubali, mkuu. Tyler aliingia kituoni kama askari aliyehamishwa kutoka mji wa jirani, Hyde, kazi ikaendelea. Moscow ya 1979 mgeni kama huyo hamalizi wiki. Ataulizwa pasipoti ya ndani yenye muhuri wa propiska, yaani kibali cha kuishi mjini, kisha kitabu cha ajira, kisha kadi ya Chama cha Kikomunisti au ya Komsomol, umoja wake wa vijana. Mwili wa baba unampa vyote kwa mpigo, na pa kulala pia.

Wa tatu: Mnabishania mwili wakati ugumu uko kwenye upelelezi. Kwa Waingereza mvutano ni Tyler anayetaka mahojiano yarekodiwe na bosi wake Gene Hunt anayetumia ngumi. Sheria ya kubana hayo ilikuja 1984. Kwa Wasovieti ngumi ni jambo dogo. Chini ya kanuni za kesi za jinai za 1960, wakili kwa kawaida aliingia upelelezi ukishafungwa, na kesi ya mauaji ilikuwa mali ya prokuratura, yaani ofisi ya waendesha mashtaka. Milisia, yaani polisi wa Kisovieti, kazi yao kumsaka mtu. Ukimnakili Hunt bila kugusa hayo, unapata Manchester iliyovaa kofia za manyoya.

Mleta mada: Na msimu wa pili, 2016? Solovyov anarudi 2011 anakuta Usovieti haujavunjika. Kwenye kituo cha televisheni kilicho mikononi mwa dola! Hiyo ni kuipaka sukari enzi ile.

Mpinga hoja: Sukari inategemea mpishi. Mwaka 1979 kuuza jinzi kwa bei ya kuruka kulikuwa kosa la kifungu cha 154 cha sheria ya jinai, ulanguzi (Watanzania wa 1983 neno hilo wanalijua vizuri). Kionyeshe kifungu hicho na foleni zake, utamu utakwisha. Tena 2011 ndio mwaka ambao milisia, tarehe 1 Machi, walibadilishwa jina wakawa polisi. Solovyov kavuliwa nembo mpya, karudishiwa ya zamani. Mzaha huo Tyler hana.