Tupeane uzoefu: Kalipa ya nyuma iliyogoma katikati ya kazi ya kubadilisha pedi

Jeki Moja (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa visa vyetu kuhusu kalipa za nyuma (vile vibanio vinavyozibana pedi kwenye diski ya breki) zinazokwama wakati mtu anabadilisha pedi za breki mwenyewe nyumbani. Naanza na cha kwangu, ambacho hadi ninapoandika hakijamalizika: gari liko juu ya stendi, magurudumu ya mbele yametegwa kwa magogo, na mimi nina kidonda kwenye kifundo cha kidole.

Pedi za mbele nilizibadilisha mwaka jana kwa muda usiozidi saa moja na nusu, kwa hiyo za nyuma niliziendea kwa kiburi kilekile. Nilifungua bolti mbili, nikaiinua kalipa, nikaifunga kwa waya kwenye springi ili isining'inie kwenye paipu yake ya mpira, kisha nikaegemeza pedi kuukuu kwenye pistoni, ile silinda ya chuma inayoisukuma pedi, na kuanza kukaza klampu ili irudi ndani. Pistoni haikusogea hata kidogo. Nilikaza tena, nikakaza tena, mpaka klampu yenyewe ikaanza kupinda, na hapo ndipo nilipopata akili ya kuchukua tochi na kuitazama pistoni usoni. Ilikuwa na mifereji miwili iliyokatizana kama alama ya kujumlisha, ilhali pistoni za mbele ziko wazi kama kikombe.

Wanaojua wameshacheka. Kalipa hii ndiyo inayobeba pia handibreki, na ndani yake mna skrubu inayojirekebisha kadiri pedi zinavyolika, kwa hiyo pistoni hairudi kwa kusukumwa tu, bali huzungushwa huku ikisukumwa. Kwanza niliizungusha kwa plaisi ya mdomo mrefu, ikateleza, na kidonda nilichokitaja kikapatikana. Baadaye niliazima kile kifaa kidogo cha chuma chenye umbo la dadu na vijino pande zake, nikaizungusha kwa kufuata saa, ikaingia vizuri hadi nusu ya safari, kisha ikawa nzito sana. Kwa kulazimisha niliiingiza kiasi cha kutosha pedi mpya, nikahakikisha kijipini cha mgongoni mwa pedi ya ndani kimekaa kwenye mfereji wa pistoni, nikafunga kila kitu na kukanyaga pedali mara kadhaa. Gurudumu la kushoto haliwezi kuzungushwa kwa mkono. La kulia, ambalo bado lina pedi za zamani, linazunguka bila taabu.

Sitaki kununua kalipa nyingine kabla sijajua kilichoishika hii. Aliyewahi kukumbwa na jambo kama hili atueleze alianzia wapi na mwisho wake ulikuwa upi.

Grisi Kidogo

Pole, mkuu. Kisa changu ni cha aibu kwa sababu mkosaji nilikuwa mimi mwenyewe, miaka mitatu kabla ya tatizo kuonekana.

Nilipofungua breki ya nyuma kulia nilikuta pedi ya ndani imelika hadi chuma kinakwaruza diski, wakati ya nje ilikuwa na unene wa nusu. Moja kwa moja niliishutumu pistoni, lakini nilipoizungusha ilirudi kwa ulaini ambao sijawahi kuuona. Ndipo nilipojaribu kuitelezesha kalipa kwenye pini zake mbili. Pini ya juu ilicheza. Ya chini ilikuwa kama imechomelewa. Kwenye kalipa za aina hii pistoni iko upande mmoja tu, nayo huibana pedi ya ndani, kisha mwili mzima wa kalipa huteleza kwenye pini ili kuileta pedi ya nje. Pini ikikwama, pedi ya ndani hufanya kazi ya wawili, na mguu ukiachia pedali hakuna kinachoirudisha kalipa mahali pake.

Kuitoa pini ile kulinichukua saa nzima ya kuizungusha kwa spana, kushoto kidogo, kulia kidogo, huku nikiongeza mafuta ya kulegeza kutu. Ilipotoka niligundua kwamba haikuwa na kutu kabisa. Ncha yake ina raba ndogo inayozuia mtikisiko, na raba hiyo ilikuwa imevimba mpaka ikajaa kwenye tundu kama kizibo cha chupa. Nilikumbuka kwamba katika kazi iliyotangulia niliipaka grisi ya beringi, iliyokuwa karibu na mkono. Grisi za petroli huvimbisha raba za breki. Panapotakiwa grisi ni ile ya silikoni iliyotengenezwa mahususi kwa breki, tena utando mwembamba, kwa sababu ukiijaza hewa hukosa pa kutokea na pini hujirudisha nje kila unapoisukuma.

Jambo jingine ambalo watu hulipuuza ni kwamba pini mbili za kalipa moja mara nyingi hazifanani. Ile yenye raba ina tundu lake. Zipigeni picha kabla ya kuzichomoa.

Gereji ya Uani

Gurudumu langu lilikuwa linashikwa na kunuka kuungua. Nilinunua kalipa mpya kabisa, nikaifunga, nikatoa upepo (hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki), nikaendesha kwa dakika ishirini, nikashuka na kunusa harufu ileile ya kuungua kwenye gurudumu lilelile. Sikulala usiku ule.

Kesho yake jirani yangu, ambaye hajawahi kuwa fundi lakini ana tabia ya kufikiri kabla ya kushika spana, aliniomba niinue gurudumu, nikanyage pedali, niiachie, kisha nijaribu kuzungusha. Halikuzunguka. Akasema nifungue kidogo ile nipo, yaani skrubu ndogo yenye tundu kwenye kalipa ya kutolea upepo. Nilipoilegeza robo ya mzunguko, mafuta yaliruka kwa nguvu, ingawa hakuna mtu aliyekuwa amekanyaga pedali, na gurudumu likaachia palepale. Maana yake presha ilikuwa imefungiwa ndani ya kalipa. Tulirudia jaribio, safari hii tukalegeza maungio yaliyo juu ya paipu ya mpira, pale inapokutana na bomba la chuma. Gurudumu likabaki limeshikwa. Kwa hiyo kizuizi kilikuwa ndani ya paipu yenyewe. Kwa nje ilikuwa nzuri, haina ufa wala uvimbe, lakini ndani mpira ulikuwa umebanduka na kuwa kama vali ya njia moja: mguu una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda, lakini pistoni haina nguvu ya kuyarudisha.

Ukilegeza maungio ya juu na gurudumu likaachia, basi tatizo liko upande wa pedali, huenda hata kwenye masta silinda, ile inayosukuma mafuta unapokanyaga. Ukifungua nipo na gurudumu likabaki limeshikwa, usihangaike na mafuta kabisa, tafuta kitu cha kimakanika: pistoni, pini au handibreki. Mkuu Jeki Moja, jaribio hili ni la dakika tano na halihitaji kifaa chochote zaidi ya spana, kitambaa na chupa. Kitambaa kisisahaulike, kwani mafuta ya breki hubandua rangi ya gari. Ukimaliza, toa upepo tena na uangalie kiwango cha mafuta kwenye kopo.

Nati Huru

Nyongeza fupi kwa wenye magari ya kisasa. Gari langu lina handibreki ya umeme yenye mota iliyofungwa kwenye kalipa. Nilisoma mahali kwamba pistoni za nyuma huzungushwa, nikaizungusha kwa nguvu zangu zote, kumbe ya kwangu husukumwa moja kwa moja baada ya mota kurudishwa nyuma kwa kuliweka gari katika hali ya matengenezo. Nilivunja meno ya gia ndani ya mota. Somo lile lilinigharimu mota nzima, na hadi leo mke wangu akisikia neno breki hunitazama.

Mama Spana

Ndugu mwanzisha mada, nimesoma maelezo yako mara mbili na kuna neno moja ambalo silioni: kimkono cha handibreki, yaani kile kilicho mgongoni mwa kalipa ambako kebo hushikizwa. Umekitazama?

Nauliza kwa sababu kwangu dalili zilikuwa hizohizo. Gari lilikaa wiki nyingi za mvua likiwa limeegeshwa, handibreki ikiwa juu. Nilipoishusha, ndani ya gari kila kitu kilionekana sawa na taa ya dashibodi ilizimika, lakini nyuma kushoto kebo ilikuwa imeshika kutu ndani ya ganda lake na haikurudi. Kimkono kikibaki kimevutwa, hata kwa kiasi kidogo, skrubu ya ndani inaendelea kuisukuma pistoni, nawe unapoizungusha unashindana nayo. Ndiyo maana inaingia hadi mahali fulani kisha inakuwa nzito.

Hakikisha handibreki iko chini, kisha linganisha pande mbili. Kwenye kalipa nzima kimkono hulalia kizuizi chake. Kama cha kushoto kimesimama mbali na kizuizi, chomoa kebo. Kikirudi chenyewe, kalipa haina kosa na mgonjwa ni kebo. Kisiporudi, mhimili wake umekwama ndani ya kalipa, na hapo ndipo inunuliwe nyingine. Niliwahi kuona mtu akikilazimisha kimkono kama hicho kwa nyundo. Kilirudi, na siku ya tatu kikakwama tena akiwa barabarani.

Mzee Msasa

Mnaitetea kalipa kupita kiasi, wanangu. Nayo huharibika.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzijoto 230, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155, na hilo ni upande wa joto tu. Upande wa pili, unyevu huohuo hula chuma. Pistoni ya gari langu ilirudi kwa kusitasita, na nilipoitoa nilikuta sehemu iliyokuwa imekaa nje, chini ya mpira wa vumbi uliopasuka, imejaa vishimo vya kutu vyenye ukubwa wa punje za mchanga. Mimi sipigi msasa pistoni ya namna hiyo. Ile sili ya mraba inayoizunguka ndiyo inayoivuta irudi, kwa kujikunja inapokwenda na kujikunjua inapoachiwa, na haiwezi kufanya kazi hiyo juu ya mashimo.

Wanaofukuza pistoni kwa hewa ya kompresa wasiweke vidole mbele yake hata kwa sekunde moja. Hutoka kama risasi. Pistoni ya kuzungushwa, kama ya mwanzisha mada, hutolewa kwa kuizungusha kinyume mpaka iachie skrubu.

Halafu niulize: ninyi mnapoirudisha pistoni, mnaifungua nipo au hamfungui? Mimi hufungua, nikaachia mafuta machafu yatoke kwenye mpira mwembamba kuingia chupani, kwa sababu sitaki uchafu wa chini urudi kwenye vali za ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasigande unapofunga breki kwa nguvu.

Gereji ya Uani

Mzee wangu, shikamoo. Mimi sifungui, kwa kuwa nikiwa peke yangu ni rahisi kuingiza upepo kuliko kuzuia uchafu. Hupunguza mafuta kwenye kopo la juu kwa bomba la sindano kabla sijaanza, yasije yakafurika. Lakini nakiri kwamba kwenye mafuta meusi hoja yako ina uzito.

Jeki Moja (mwanzisha mada)

Nimerudi, na nawashukuru nyote, hasa Mama Spana.

Nilianza na jaribio la nipo. Mafuta yalitoka matone machache bila presha, na gurudumu halikuachia, kwa hiyo paipu ya mpira ikawa imejitetea. Kisha nililala chini na tochi. Kimkono cha kulia kimelalia kizuizi chake, cha kushoto kimesimama mbali nacho kwa unene wa kidole. Nilipoichomoa kebo kilirudi kwa mlio mmoja, “ta!”, na gurudumu likazunguka nikiwa bado nimelala.

Niliifungua tena kalipa na kuizungusha pistoni kwa kile kifaa cha dadu. Iliingia hadi mwisho bila kunitoa jasho. Mpira wake wa vumbi hauna mpasuko, Mzee Msasa, nimeuchunguza pande zote. Pini moja niliikuta kavu, nikaisafisha na kuipaka silikoni kidogo. Kebo mpya nimeifunga leo asubuhi, nikabadilisha pedi za kulia pia, na nikakanyaga pedali mpaka ikawa ngumu kabla ya kuliondoa gari mahali lilipokuwa. Baada ya mwendo wa nusu saa nilishusha mkono karibu na kila gurudumu la nyuma. Yote mawili yalikuwa vuguvugu kwa kiwango kimoja.

Kebo ya zamani iko hapa mezani. Kwa nje ganda lake halina hata mkwaruzo. Ukiivuta inatoka, ukiiachia inabaki hapohapo.