Bendi kongwe ya roki inarekodi albamu ya kantri: stili na fidla zinamezwa, tupunguze wapi?

Mpangaji_Nyimbo

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa mpangilio. Bendi ni ya roki, ya miaka mingi: gitaa mbili za umeme, besi, ngoma, na mwimbaji anayepiga pia kinanda. Albamu inayofuata wanataka iwe ya kantri, nyimbo 10, na mpiga stili (lile gitaa la kulazwa lenye pedali, linalopigwa kwa kuteleza chuma juu ya nyuzi) na mpiga fidla wamealikwa.

Demo ya wimbo wa kwanza iko hivi. Gitaa zimeshushwa nusu toni kama walivyozoea, kwa hiyo wanapiga maumbo ya E lakini inayosikika ni E♭. Mwendo ni mapigo 148 kwa dakika. Gitaa zote mbili zina distoshoni, moja kila upande. Stili na fidla ziliwekwa mwisho, juu ya kila kitu. Stili inasikika kwenye utangulizi tu, baada ya hapo imepotea, na ukiipandisha inakwaruza. Fidla inaelea nje ya tyuni ingawa mpigaji wake ni hodari. Ngoma ya mtindo wa treni haikai kabisa.

Tuanzie wapi? Na je, distoshoni iondoke yote?

NyuziKumi

Mkuu, kiti cha stili kimekaliwa na gitaa la pili. Hiyo kwanza.

Angalia stili yenyewe inafanya nini. (Nataja nota kwa ufunguo wa E ili iwe rahisi, kwenye demo yako zote ziko nusu toni chini.) Tyuni ya E9 ina nyuzi 10, pedali 3 na nyenzo za magoti 4 au 5. Chukua uzi wa 4 (E), wa 5 (B) na wa 6 (G♯): hiyo ni kodi ya E. Pedali A inavuta B iwe C♯, pedali B inavuta G♯ iwe A. Kanyaga zote mbili kwa pamoja bila kusogeza chuma cha mkononi, E imegeuka A huku nota zikiteleza. Kile kilio ambacho kila mtu anakitambua kama kantri kimetoka hapo, kwenye pedali mbili zilizoshuka polepole.

Sasa mpiga stili hafanyi hivyo wakati kodi inabadilika tu. Anakanyaga hata katikati ya kipimo cha E, kama pambo, halafu anaachia. Ikiwa chini yake gitaa lenye distoshoni limeshikilia pawa kodi (kodi ya nota mbili tu, ya kwanza na ya tano) ya E na B, ile B inabaki imesimama katikati ya A na C♯, toni moja kutoka kila upande. Mkwaruzo wako ndio huo. Ukipandisha sauti ya stili unaongeza ugomvi.

Kuna jambo la ndani zaidi. Roki ilizoea pawa kodi kwa sababu distoshoni nzito ikipewa kodi kamili yenye nota ya tatu (kwenye E ni G♯) inazalisha nota za ziada zisizotakiwa, kodi inachafuka. Kantri inaishi kwenye nota ya tatu na ya sita. Kwa hiyo gitaa la pili libadilishe kazi kabisa, lisipunguziwe tu sauti.

Fanyeni jaribio hili kabla ya kurekodi tena. Zima gitaa zote mbili za umeme na kinanda. Acha besi, ngoma, sauti na stili. Sikiliza wimbo mzima. Kisha rudisha gitaa moja la akustiki peke yake. Sikiliza tena. Baada ya hapo rudisha gitaa la umeme pale tu ambapo wimbo unaomba wenyewe. Sehemu nyingi hazitaliomba.

Albamu ya bendi ya roki The Byrds ya 1968, Sweetheart of the Rodeo, ni somo zuri kwa hili. Lloyd Green, mmoja wa wapiga stili wake, aliuliza wanataka ajaze wapi, akajibiwa kila mahali. Na akajaza kweli. Haikuzidi kwa sababu lile gitaa la nyuzi 12 la Roger McGuinn, lililokuwa nembo ya bendi, liliwekwa kando karibu albamu nzima. Bendi ilitoa kitu chake kikubwa ndipo mgeni akapata pa kukaa.

Kinanda nacho mkichunge. Wapiga stili wengi hutyuni nota ya tatu chini kidogo ya kinanda, hadi senti 14 (nusu toni ni senti 100), kwa sababu hapo ndipo sikio linapumzika. Kinanda kikishikilia G♯ ndefu wakati stili inashikilia G♯ yake, utasikia sauti inatetemeka kama taa mbovu. Mwambie apige oktava na nota ya tano, au vijibu vifupi, nota ndefu ya tatu aiachie stili.

MguuWaKiki

Nakubaliana na NyuziKumi kuhusu nafasi, ila kabla ya hapo kuna makosa mawili yaliyo chini kabisa ya wimbo: ufunguo na mwendo.

Ufunguo. Fidla ina nyuzi nne tu: G, D, A, E. Kwenye E♭ ni G na D pekee zimo ndani ya ufunguo, na nota ya kwanza na ya tano hazina uzi wa wazi (usiobonyezwa) hata mmoja wa kuegemea. Mpigaji anabonyeza karibu kila kitu kwa kidole, na hakuna uzi wa wazi unaovuma kando. Ndiyo maana anaelea. Stili nayo inapoteza nafasi ya wazi iliyo kwenye E, inabidi ipande freti ya 11. Msimshushe mwimbaji kwa kushusha tyuni, hamisheni ufunguo. Jaribuni D: kwake ni nusu toni chini ya mlipo sasa, na fidla inapata D na A za wazi, yaani nota ya kwanza na ya tano. Ikiwa wapiga gitaa hawataki kurudisha tyuni ya kawaida, kapo (kibanio cha nyuzi zote) kwenye freti ya 1 inawarudisha hapo hapo.

Mwendo. Mdundo wa treni ni noti za kumi na sita kwenye snea, mkono wa kulia na wa kushoto kwa zamu, lafudhi zikiangukia pigo la 2 na la 4. Kwa 148 hiyo ni mipigo 592 kwa dakika, karibu 10 kila sekunde. Hakuna anayeipiga hivyo ikapumua. Shusheni hadi 108: mipigo 7 na kidogo kila sekunde, na hapo brashi zinaanza kusema. Tumieni brashi kweli, si fimbo zilizopigwa kwa upole. Mpiga roki akishika fimbo mkono unarudi kwenye mazoea baada ya vipimo vinane.

Ikiwa mnataka 148 ibaki, basi acheni treni. Besi kwenye pigo la 1 na la 3, fimbo ikigonga ukingo wa snea kwenye la 2 na la 4, kiki ikifuata besi. Mtapata mwendo wa kucheza watu wawili wawili, na unafaa sana kwa kasi hiyo.

Besi ndiyo inayovunja albamu nyingi za namna hii na hakuna anayeitaja. Mpiga besi wa roki anasukuma noti za nane mfululizo kwenye nota ya mzizi kwa piki. Kwenye D apige D pigo la 1, A pigo la 3, na katikati anyamaze. Kunyamaza huko ni sehemu ya mdundo. Uzi laini usio na mikwaruzo ni bora, na kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja kinafupisha mlio hadi ukaribie besi ya kusimama.

Matoazi: hakuna kishindo kila mwanzo wa sehemu. Kimoja kwenye kiitikio cha mwisho kinatosha.

Fundi_Mikisi

Naomba nipingane kidogo, maana mjadala unaelekea kumvua mtu nguo zote. Bendi ikiacha kila kilicho chake, inabaki bendi ya kukodi inayopiga kantri ya watu wengine. Hamna haja.

Dann Huff alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya roki iliyoitwa Giant kabla ya kuwa mtayarishaji mkubwa Nashville, mji mkuu wa muziki wa kantri. Bon Jovi walipotengeneza Lost Highway mwaka 2007, yeye na John Shanks ndio waliokuwa watayarishaji, na gitaa kubwa zimo humo. Albamu ilianza namba 1 Marekani. Kabla yake, kwenye albamu ya 2005, waliweka wimbo mmoja, Who Says You Can't Go Home, mara mbili: toleo la bendi na toleo la kuimba pamoja na Jennifer Nettles wa kundi la kantri la Sugarland. Hilo la pili ndilo lililofika namba 1 kwenye chati ya nyimbo za kantri ya Billboard mwaka 2006. Sikilizeni matoleo hayo mawili moja baada ya jingine, kwa hedifoni, na muandike kila sekunde ambayo gitaa limenyamaza kwenye la pili na nani ameingia.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu distoshoni: ibaki, lakini kwa zamu. Ubeti ni wa stili na akustiki. Kiitikio gitaa la umeme linaingia, stili inapanda juu kwenye freti za 12 na kuendelea na kushika nota mbili ndefu tu. Geini (kiwango cha distoshoni) ishushwe mpaka ukipiga kodi kamili uzisikie nyuzi zote sita moja moja. Kwa ampu nyingi hiyo ni chini ya nusu ya walipozoea.

Gitaa la pili lipeni tyuni ya Nashville. Chukua gitaa la akustiki, nyuzi B na E nyembamba ziache kawaida (.014 na .010). Nne zilizobaki zinakwenda oktava moja juu: E nene weka .027, A weka .018, D weka .012, G weka .009. Angalieni hiyo G: ni nyembamba kuliko E nyembamba na inalia juu yake. Ndiyo inayokatika. Ipandisheni taratibu, na hakikisheni mfereji wake kwenye nati, kile kipande cha mwisho wa shingo nyuzi zinapopita, hauna makali. Nyuzi zikiwa nyepesi hivi shingo inaweza kunyooka kupita kiasi na freti za kwanza zikaanza kuvuma, basi legezeni chuma cha shingoni robo mzunguko. Likipigwa pamoja na akustiki ya kawaida, moja kila upande, unapata mng'ao mpana bila kugusa eneo la stili.

Gitaa la kwanza: pikapu ya karibu na daraja, sauti safi, komresa (kifaa cha kubana sauti isipande na kushuka mno) nyepesi, mwangwi mfupi unaorudi mara moja tu, milisekunde 110 hadi 120. Piki na kidole cha kati kwa pamoja, kidole kikidonoa uzi hadi ugonge freti.

Mpangaji_Nyimbo

Asanteni sana, hili la B katikati ya A na C♯ nimelisikia sasa hivi kwenye demo, dakika ya 1:12, liko wazi kabisa.

Mawili yamebaki. Mwimbaji anajaribu kubadilisha matamshi ili asikike mtu wa kusini ya Marekani, na viitikio vina sauti nane zilizopangwa juu kwa juu. Pili, wageni wamepewa siku moja tu. Tuwaandalie nini?

SautiYaTatu

Matamshi ayaache. Msikilizaji wa kantri anasikiliza maneno kuliko mpenzi wa roki anavyofanya, na lafudhi ya kuazima inamfanya aache kuamini hadithi kwenye mstari wa pili. Bendi ya roki Ween walipokwenda Nashville kurekodi albamu ya 1996, 12 Golden Country Greats (jina lake linasema 12, nyimbo ni 10), upigaji waliwaachia wakongwe wa pale, wao wakaimba. Kazi yenu iwe karibu na hivyo: ala zibebe kantri, sauti ibaki ya mwenyewe.

Sauti nane ziondoeni. Sauti moja ya mbele, kavu, karibu na maikrofoni, na sauti ya pili moja tu juu yake, nota ya tatu juu, ikianza kiitikio na kuisha nacho. Pale ambapo nota ya tatu inagoma kwenye kodi, isogee hadi nyingine iliyo ndani ya kodi badala ya kufuata mstari kama kivuli. Anayeimba ya pili amtazame wa kwanza mdomoni. Konsonanti za mwisho zikiachana, hakuna kifaa cha kuziunganisha bila kuacha alama.

Kuhusu siku moja: andikeni chati za namba, yaani kodi ziandikwe kwa namba badala ya herufi. Neal Matthews wa kundi la waimbaji la The Jordanaires ndiye aliyeuanzisha mfumo huo mwishoni mwa miaka ya 1950, mpigaji wa studio Charlie McCoy akaueneza miongoni mwa wapigaji. Kwenye D, 1 ni D, 4 ni G, 5 ni A, na 6- ni B ya maina. Namba moja ni kipimo kimoja kizima. Namba mbili zikigawana kipimo, pigeni mstari chini yake. Namba ndani ya umbo la almasi maana yake piga mara moja uache ilie. Wimbo mzima unaingia ukurasa mmoja, na mwimbaji akiamka sauti imeshuka mkahamia C, karatasi ni ileile.

Nashville kipindi cha kawaida cha kurekodi huchukua muda wa saa 3. Msiwajazie wageni nyimbo 10 kwa siku, chagueni 5 au 6 ambazo stili ina la kusema. Watumieni demo bila stili ile ya zamani, la sivyo wataiiga. Na juu ya kila ubeti andikeni jina la anayejibu mistari: ubeti wa kwanza stili, wa pili fidla, wa tatu gitaa. Wote wakijibu mstari mmoja, mwimbaji amezikwa.

NyuziKumi

Nyongeza moja, maana hapa ndipo kazi nzuri inaharibikia mwishoni. Mguu wa kulia wa mpiga stili uko kwenye pedali ya sauti muda wote. Anadonoa pedali ikiwa nusu, kisha anaifungua kadiri mlio unavyokufa, nota inabaki sawasawa kwa sekunde kadhaa. Hiyo tayari ni komresa, ya mguu. Fundi wa roki akiweka komresa nyingine nzito juu yake, mdono unarukia mbele na mkia unapanda pamoja na kelele za ampu. Rekodini ampu kwa maikrofoni na laini ya moja kwa moja (waya bila kupitia ampu) sambamba, laini ichukuliwe baada ya pedali ya sauti. Ikiwa lazima mbane, desibeli 2 zisizidi. Na msikate eneo la Hz 800 kwa mazoea ya kusafisha gitaa, mwili wa stili uko hapo. Likatwe kwenye gitaa la umeme, kwenye kiitikio.