Tupeane uzoefu: umewahi kupeleka makaratasi ya familia maktaba yakaskaniwe?

Mama Nuru (Atlanta)

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi huku Atlanta nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani, huu mwaka wa nane. Bibi niliye naye sasa ni Mmarekani mweusi, miaka 91, mjane, mwanawe yuko California. Chini ya kitanda ana boksi la mabuti limejaa programu za mazishi. Siku moja ya mvua tulianza kuzihesabu, tukafika 214 tukachoka, na boksi bado.

Kwa ambao hamjaziona: ni kijitabu cha kurasa nne au nane, kama vile vya ratiba na wasifu wa marehemu tunavyogawa nyumbani msibani, ila wenzetu hawa wamekifanya sanaa. Mbele picha ya marehemu na kofia yake ya kanisani. Chini ya picha wengi hawaandiki kuzaliwa na kufariki, wanaandika jua lilichomoza tarehe fulani, likazama tarehe fulani. Ndani kuna wasifu: kazaliwa kaunti gani, baba nani, mama nani na jina lake la ubinti, kabatizwa kanisa gani, kafanya kazi wapi, kaacha nani. Nyuma kuna waliobeba jeneza, waliobeba maua, na makaburi. Nyingi za bibi zinataja South-View, makaburi yaliyoanzishwa mwaka 1886 na watu waliokuwa watumwa.

Mwanzoni, Mungu anisamehe, niliona ni uchuro. Nani analala juu ya maiti mia mbili?

Basi tawi moja la maktaba likatangaza siku ya kuskani historia ya watu weusi wa mtaa ule: leta picha, barua, programu za mazishi, unaondoka na vyako pamoja na nakala kwenye flashi. Nikamvalisha bibi koti, boksi nikalifunga kamba, tukaenda.

Nilitegemea glavu nyeupe kama kwenye sinema. Hakuna. Kwa karatasi wanataka mikono iliyooshwa ikakauka, maana ukivaa glavu vidole havihisi na karatasi kuukuu inachanika. Glavu ni za picha na negativu. Pini zenye kutu binti wa maktaba alizifungua kwa kijikisu bapa, moja moja, wala hakuzing'oa. Halafu akaskani kila ukurasa, hata wa nyuma ambao mimi niliuona mtupu. Haukuwa mtupu. Bibi ana tabia ya kuandika kwa penseli nyuma ya programu: nani aliimba, nani hakuja, sadaka ilifika ngapi. Mmoja kauandika hivi: "Mvua. Kuku hawakutosha." Binti alicheka mpaka akavua miwani. Akauliza, huyu ni nani? Bibi akasema dakika arobaini kuhusu mtu mmoja. Wakaleta kinasa sauti.

Mtu huyo alikuwa na duka la kinyozi Auburn Avenue, karibu na mahali ambapo leo ni barabara kuu. Wanaokaa huku mnajua: ile barabara ya magari mengi iliukata mtaa wa Auburn katikati. Anwani nyingi za kwenye programu za bibi ukizitafuta kwenye ramani huzipati, zimo chini ya lami.

Kwenye fomu ya idhini ndipo bibi alipocheka kwa namna yake. Fomu inauliza: unaruhusu maktaba itunze nakala? Iwekwe mtandaoni au isomewe humo humo ndani? Akaniambia, "Sasa ndio wananiomba mimi." Maktaba kuu ya mji huu ilifunguliwa mwaka 1902, na mwaka ule ule msomi mweusi W. E. B. Du Bois na wenzake walikwenda kuuliza kwa nini mtu mweusi haruhusiwi kuingia. Watu weusi walikuja kupata tawi lao Auburn Avenue mwaka 1921. Kadi ya maktaba kuu mtu mweusi wa kwanza kuipata alikuwa Irene Dobbs Jackson, mwalimu wa Kifaransa wa chuo cha Spelman, Mei 1959. Bibi alikuwa na miaka 25.

Katika programu zote alikataa mbili tu. Alizirudisha kwenye mkoba wake, na sababu hakumwambia mtu. Na mimi sikuuliza.

Nani mwingine amefanya hivi, huku au nyumbani? Leteni visa vyenu.

Komredi Chuma

Mama Nuru umeandika vizuri lakini mimi nina wasiwasi. Mnachukua majina ya watu, ukoo wa mama, tarehe za kuzaliwa, mnayaanika mtandaoni. Jina la ubinti la mama ndilo benki wanalokuuliza ukisahau nywila! Hao wazungu watakesha wanakusanya.

Mama Nuru (Atlanta)

Hilo la benki ni kweli, na wao wenyewe walilisema. Programu za miaka ya karibuni zenye majina ya walio hai tulizitenga. Na ukishakubali leo kesho ukabadili mawazo, unaandika kuomba kitu kiondolewe.

Lakini "hao wazungu" hapana. Chimbuko la kazi hii Atlanta ni Annie McPheeters, mkutubi mweusi aliyeanza kukusanya vitabu vya historia ya watu weusi kwenye tawi la Auburn miaka ya 1930. Makusanyo yale yalikua mpaka yakapata jengo lake mwaka 1994, Auburn Avenue Research Library, mtaa ule ule. Leo programu za mazishi za hapo zimo kwenye Digital Library of Georgia, maktaba ya mtandaoni ya jimbo hili, kurasa zaidi ya 11,000, unasoma bure ukiwa kitandani. Nenda kaangalie halafu uje ugombane nami vizuri.

Mwana wa Mchungaji (Ohio)

Naongezea upande wa machungu, maana si kila anayekuja na fomu ni mwema. Kanisa letu tunapanga jengo la Wabaptisti weusi, wao wanasali asubuhi sisi mchana, ibada ya Kiswahili. Shemasi wao alinisimulia kwamba zamani alikuja mtu wa chuo kimoja, mstaarabu kabisa, akaazima albamu ya kanisa kwa ajili ya mradi. Wiki mbili, alisema. Albamu haijarudi mpaka leo. Ilikuwa na picha ya watu waliochimba msingi wa kanisa kwa mikono.

Kwa hiyo maktaba ya mji ilipokuja kuomba, wazee waligoma. Mkutubi hakubishana nao. Jumapili iliyofuata aliileta skana yenyewe, akaitandika kwenye meza ya jikoni pale tunapopakulia chakula, akaskani mbele ya macho ya wenye mali. Hakuna kilichovuka mlango. Ilimchukua Jumapili sita, na ya sita alikuwa anapakuliwa sahani bila kuuliza.

Jingine nililojifunza pale jikoni: zile albamu za miaka ya sabini zenye kurasa za gundi na plastiki juu ndizo zinazoua picha. Gundi inakula karatasi taratibu. Mkutubi alisema usibandue kwa nguvu. Kama imeshika sana, iskani hapo hapo na ukurasa wake.

Wa Silver Spring

Wadau, mimi yangu ni kanda. Pale Washington, maktaba kuu ya Martin Luther King, kuna chumba kinaitwa Memory Lab, kipo tangu 2016. Mashine za kanda za video, kaseti, picha, zote bure. Unashika nafasi, unakuja, unafanya mwenyewe. Sikuamini kuna kitu cha bure Marekani, nikabeba kanda ya ruracio, sherehe ya mahari ya Kikuyu, ya wazazi wangu kutoka Kiambu.

Nikaiweka kwenye deki. Picha inaruka, haina rangi, shangazi zangu wanapita kama mizimu. Nikajua imeoza. Kumbe kanda za kwetu zilirekodiwa kwa mfumo wa PAL na deki za Marekani zinasoma NTSC! Mzee mweusi aliyekuwa mashine ya jirani ndiye aliyeniambia, aliwahi kuwa jeshini Ulaya akarudi na kanda zenye ugonjwa huo huo. Nilikuja kupata deki ya mifumo yote kwa fundi mmoja, na ruracio imesimama sawa, sauti na rangi.

Mzee yule alikuwa na kwaya ya kanisa lake, kanda kumi na kitu. Mjue hakuna njia ya mkato: kanda ya saa mbili inachukua saa mbili. Alikuwa ameivaa hedifoni anaimba sauti ya besi peke yake, hajui kama tunamsikia.

Kijana wa Langoni

Kwetu Lamu tuliyaona haya. Maandiko ya msikiti wa Riyadha, vitabu vya Kiarabu vya mkono vya masharifu, vilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa chini ya mradi wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Vitabu havikutoka Lamu, picha ndizo zilizosafiri. Huko kwenu mnapambana na gundi, sisi ni mchwa na unyevu wa bahari. Nawasalimu.

Mtoto wa Fizi (Clarkston)

Nimesoma yote tangu jana usiku. Mimi niko hapa hapa kando ya Atlanta, kwa hiyo Mama Nuru tuko jirani. Shida yangu ni kwamba sina boksi. Tulitoka Fizi, Kongo, mwaka 1996 na nguo za mwilini, tukavuka ziwa, tukaishia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi. Picha ya babu sina. Cheti sina. Nilipita maktaba mara moja nikaona tangazo la kuskani, nikaona hii ni ya wenye vitu.

Mama Nuru (Atlanta)

Ndugu yangu, nilimsomea bibi maneno yako mezani, nikimtafsiria. Akaweka kijiko chini. Akasema nikuambie habari ya 1870.

Hiyo ndiyo sensa ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wao waliokuwa watumwa. Kabla yake, mwaka 1850 na 1860, kulikuwa na orodha ya watumwa yenye jina la mwenye mali juu, na chini yake mistari tu: mwanamke, 30, mweusi, mvulana, 8, mweusi. Jina hakuna. Ukoo wake ukirudi nyuma unagonga ukuta hapo. Boksi lake lile halikurithiwa, alianza yeye kwa programu ya mama yake, mwaka 1958, kwa sababu hakuwa na karatasi nyingine yoyote inayomtaja mama kwa majina yake yote matatu.

Na wale wa maktaba wanarekodi sauti pia. Nenda na mdomo wako.

Komredi Chuma

Haya, nimeangalia hiyo ya Georgia. Nilikusudia dakika tano. Nimesoma habari za watu nisiowajua mpaka saa nane usiku, mmoja alikuwa fundi viatu miaka hamsini na mbili. Bado nasema jina la ubinti la mama wafiche.

Mtoto wa Fizi (Clarkston)

Narudi na mrejesho. Nilimpigia mama simu, yuko Kentucky kwa dada. Nikamuuliza tuna karatasi gani. Akasema hatuna. Baada ya nusu saa akapiga yeye: kumbe ametunza kadi ya posho ya Nyarugusu, imekunjwa ndani ya Biblia. Dada akanitumia picha kwa WhatsApp. Imefutika kwenye mikunjo. Ina jina la baba, na idadi ya watu wa familia: 7. Majina yetu hayapo, ni ile 7 tu.

Nikamwambia mama anitajie hao saba niandike, niende nayo maktaba Jumamosi saa nne, nimeshashika nafasi. Akaanza kutaja, mimi naandika. Alipomaliza nikahesabu, nikamwambia mama, umetaja wanane. Akanyamaza. Akasema andika wanane.