Mkasi wa Mjomba Musyoka

UKOO WA SUSU KALEKYE
Jumapili jioni

Mama Mueni: Hamjambo nyote. Sikutaka kuleta haya hapa lakini nimechoka kuyabeba peke yangu. Baba Mueni amekata suruali tisa za shule za mteja, zote miguu miwili ya kushoto. Mtu ameshona Gikomba miaka ishirini na saba.

Kyalo: Anti, si ni uchovu tu? Wiki ya kufungua shule Gikomba ni vita.

Mama Mueni: Kyalo, juzi alishuka Donholm akanipigia kuuliza tunaishi wapi. Tuko Umoja tangu Mueni azaliwe. Kliniki ya kwanza walisema ni mawazo, wakampa dawa ya usingizi. Ana miaka 51.

Mzee Mutua: Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Ndunge: Mutua nimeusoma kabla hujafuta. Mambo ya kutupiwa kitu tuliyasikia hata mama akiugua. Waganga watatu, mbuzi wakaisha zizini. Alianza kusahau akiwa na 50, akafa na 57 bila kunijua mimi kifungua mimba wake. Na kaka yake naye akaenda hivyo hivyo.

Mumbua: Mama, kaka yake Susu, bibi yetu, pia?? Hilo hujawahi kuniambia.

Shangazi Ndunge: Tulikuwa tunaona haya.

Mumbua: Basi hilo ndilo neno la kwanza daktari anafaa kusikia. Susu, kaka yake, sasa mjomba, wote karibu na 50. Mimi ni mtu wa maabara tu, sitasema mjomba ana nini. Lakini kuna ugonjwa wa Alzheimer, ule wa ubongo unaoleta kusahau, unaokuja mapema, kabla ya 65, na katika familia chache sana unarithiwa moja kwa moja. Hata mgonjwa wa kwanza kuandikwa hakuwa ajuza. Auguste Deter alipokelewa hospitali ya Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1901 akiwa na miaka 51.

Kyalo: 51 kama mjomba 😟

Mumbua: Ee. Sasa niwaeleze kwa lugha ya Gikomba. Kwenye ukuta wa seli za ubongo kuna protini ndefu inaitwa APP. Mwili huikata vipande kila siku, kazi ya kawaida. Moja ya mikasi inayokata imeundwa na protini inayoitwa presenilini. Jeni, yaani maagizo ya kurithi, ya presenilini 1 (ziko aina mbili) ikiwa na kosa, hata la herufi moja, mkasi unakosa alama. Kinatoka kipande kirefu kidogo kuliko kinavyofaa, na hicho kinanata. Vinashikana nje ya seli, vinakuwa mabonge.

Mumbua: Halafu ndani ya seli kuna protini nyingine, tau. Kazi yake ni kushikilia vijibomba vinavyosafirisha mizigo kutoka upande mmja wa seli hadi mwingine. Katika ugonjwa huu inaachia vijibomba, inajisokota kama uzi uliokwama kwenye bobini. Mizigo haifiki, seli inakufa. Na mabonge yale huanza miaka 15 hata 20 kabla mtu hajasahau jina la mtu.

Mumbua: *mmoja

Mzee Mutua: Kwa hiyo alikuwa nayo tangu akiwa kijana wa thelathini na kitu?

Mumbua: Ikiwa ni huo, ndiyo. Wakati huo hakuna jirani aliyekuwa amemkasirikia.

Mzee Mutua: Nimesikia. Ndiyo maana nilifuta.

Mumbua: Jeni zinazojulikana kuleta hii ya kurithi ni tatu: APP kwenye kromosomu (mafungu yanayobeba jeni) ya 21, presenilini 1 kwenye ya 14, presenilini 2 kwenye ya 1. Kule Antioquia, Kolombia, kuna ukoo wa maelfu ya watu ambamo kosa moja la presenilini 1 linarithiwa. Wenye kosa hilo wanaanza kusahau wakiwa na arobaini na kitu. Wenyeji waliuita la bobera, upumbavu, hadi daktari Francisco Lopera, mtu wa huko huko, akaanza kufuatilia nani kazaliwa na nani. Mama mmoja wa ukoo ule alikuwa na kosa hilo hilo na akakaa na akili zake hadi akapita 70, na watafiti wanaona ni kwa sababu alirithi mabadiliko mengine kwenye jeni ya APOE yaliyomkinga.

Kyalo: APOE si ndiyo ile ya vipimo vya mate unaagiza intaneti? Nikate shauri niagize?

Mumbua: Weka pesa yako Kyalo. Wao huangalia APOE aina ya 4. Hiyo huongeza uwezekano tu, haihukumu mtu, na kwa watu wa asili ya Afrika nguvu yake imeonekana kuwa ndogo kuliko kwa Wazungu. Haitakwambia lolote kuhusu Susu.

Mueni: Kama baba anayo, na mimi?

Mumbua: Mueni nikupigie?

Mueni: Andika tu hapa. Wote tunataka kujua.

Mumbua: Kila mtoto wa mwenye jeni hiyo ana nusu kwa nusu. Kama kurusha shilingi, na inarushwa upya kwa kila mtoto. Ambaye hakuipata hawezi kuwapa watoto wake. Na hakuna wa kukulazimisha upimwe, watu wengi hukaa na mshauri kwanza, wengine huamua kutojua kabisa.

Shangazi Ndunge: Mimi nina 58.

Mumbua: Najua mama. Katika familia moja huwa inaanza umri unaokaribiana. Nimefurahi, na naona vibaya kufurahi.

Mumbua: Lakini tusimzike mjomba. Kabla ya jeni apimwe vitu vinavyotibika: vitamini B12, homoni za tezi ya shingo, kaswende, virusi vya ukimwi. Na picha ya kichwa. Mama Mueni, si mwaka jana alianguka na boda?

Mama Mueni: Alianguka Jogoo Road. Alisema ni goti tu.

Mumbua: Mwambie daktari wa neva hilo pia. Damu ikivilia chini ya fuvu inaweza kufanya mtu hivi hivi, na hutolewa.

Kyalo: Jumanne sina safari. Nitakuja na gari saa moja asubuhi.

Mama Mueni: Mungu akubariki.

Kyalo: Lakini jameni, mjomba si yuko kwenye hiki kikundi?

Musyoka: Niko. Nimesoma yote mara mbili. Ya pili ni kwa sababu nilisahau ya kwanza 😄

Shangazi Ndunge: Woiye Musyoka. Tusamehe.

Musyoka: Dada, mimi mwenyewe nilimwosha mama miguu. Nilijua siku nyingi. Mumbua, kwa hivyo kitambaa ni kizima, mkasi ndio unakosa alama?

Mumbua: Ndiyo mjomba. Ikiwa ni huo.

Mueni: Baba, yule mteja nitaenda kumwona mimi kesho.

Musyoka: Mwambie kitambaa nitalipa. Na yale mapande ya kushoto yasitupwe, yanatoa kaptula za nasari.