Ukoo wa Bibi Mwanahawa: kompyuta za duka la Shangazi

*Jumanne*

[06:48] Dada Rukia: Assalaam alaykum ukoo. Shikamooni wakubwa. Naleta jambo la steshenari ya Shangazi, naomba msome mpaka mwisho, si kuweka dole gumba na kupita. Jana wateja wamerudi dukani wanalalamika flashi zao zimeingia virusi pale. Mmoja ni mwalimu, ndiye anayeleta mitihani kutoa kopi. Tukilala, wateja wote watahamia duka la ng'ambo ya barabara. Nataka tununue antivairasi moja ya maana kwa kompyuta zote mbili. Mchango elfu kumi kumi.

[06:50] Dada Rukia: Shangazi eleza mwenyewe inavyokuwa.

[07:31] Shangazi Mwanaisha: Waalaykum salaam wanangu. Mtoto akichomeka flashi, mafolda yake yote yanapata kimshale kidogo pembeni. Hapa kwangu nikibofya yanafunguka. Akienda kuchomeka kwingine anakuta vimshale tu, kazi zake hazionekani. Juzi binti kalia hapa dukani, barua zake za kuombea kazi zote zimepotea. Na ile kompyuta kubwa inaleta kidirisha chekundu kinasema nina virusi 37, nilipie vitolewe. Nikikifunga kinarudi.

[07:33] Idi: Virusi 37? Hao ni wengi kuliko waliochangia harusi ya Bakari 😂

[07:34] Bakari: Wewe mwenyewe hukuchangia

[07:34] Idi: Nilibeba viti

[07:36] Mama Salma: 😂😂😂

[07:41] Bakari: Viti vitatu, kimoja ukakikalia

[07:52] Dada Rukia: Jamani harusi imepita. Shangazi USILIPE kitu chochote kwenye hicho kidirisha, wala usipige namba yoyote kama imeandikwa. Ni matapeli hao. Shabani uko wapi? Wewe ndiye unayefundisha kompyuta, tunakusubiri.

[09:15] Dada Rukia: Shabani

[11:20] Dada Rukia: Watu 23 kwenye kikundi, tunaoongea ni watano.

[13:05] Shabani: Shikamoo Shangazi, shikamoo Dada. Nilikuwa darasani. Kabla ya kununua chochote naomba kujua: kila mashine ina Windows ipi na RAM kiasi gani?

[13:22] Shangazi Mwanaisha: Marahaba. Ile ndogo ikiwaka inaandika Windows 7. Kubwa ni 10. RAM ndiyo ipi?

[13:24] Idi: Shangazi huyo Ram anakaa Chumbageni

[13:25] Dada Rukia: Idi!

[16:48] Fatma: Shikamooni. Nimepita dukani nikaangalia. Zote ni Dell za mtumba. RAM ni ile kumbukumbu ya kufanyia kazi ya mashine: ndogo ina GB 2, kubwa ina GB 4. Kwenye kubwa nimekuta antivairasi TATU zimewekwa pamoja. Moja ni ya kukraki, yaani ya wizi isiyolipiwa, na imeshakwisha muda, hiyo ndiyo inayoleta kidirisha chekundu.

[16:50] Dada Rukia: Nani kaiweka?

[16:58] Fatma: Shangazi anasema fundi aliyeletwa na Kaka Idi.

[17:10] Bakari: Si yule yule aliyepiga fomati daftari la madeni likapotea?

[17:11] Idi: Ujumbe huu umefutwa

[17:14] Dada Rukia: Nimeusoma kabla hujaufuta. Watu walikula madeni ya Shangazi mwaka mzima kwa sababu hakuna ushahidi, na wewe mpaka leo hujamwambia hata samahani.

[17:20] Idi: Dada mimi nilileta fundi kwa nia njema. Mbona ya jenereta hayasemwi?

[17:21] Mama Salma: Jenereta tuliache.

[17:21] Bakari: Jenereta tuliache kabisa

[17:55] Shabani: Naomba nirudi kwenye mashine. Hizo tatu pamoja hazimpi Shangazi ulinzi mara tatu. Kila moja inataka kukagua kila faili linalofunguliwa, zinagombania faili moja, na GB 4 zenyewe ni hizo hizo. Ndiyo maana mashine inachukua muda wote ule kuwaka. Kubwa zaidi: Windows 10 inakuja na antivairasi yake ndani, Defender, haina malipo. Ukiweka nyingine inajipumzisha ikidhani kuna mlinzi mwingine. Sasa mlinzi mmoja amekwisha muda, na wenzake wawili wanagombana. Kwa hiyo hapo dukani hakuna anayelinda sawasawa.

[17:58] Dada Rukia: Kwa hiyo tununue ipi?

[18:02] Shabani: Tusinunue. Tunazitoa zote tatu, tunawasha Defender, tunaapdeti, basi. Shangazi hana haja ya programu yenye vitufe ishirini vya kumchanganya.

[18:03] Dada Rukia: Cha bure kinalinda kweli? Hapa ofisini tunalipia kila mwaka. Au tuweke Avast, hiyo naijua, nayo ina ya bure.

[18:19] Fatma: Dada, Avast ndiyo ile iliyotozwa dola milioni 16.5 Marekani mwaka 2024 kwa kuuza taarifa za kurasa ambazo wateja wake wanatembelea.

[18:21] Dada Rukia: Subhanallah. Mlinzi naye anauza.

[18:30] Shabani: Avast kukagua virusi inakagua vizuri tu. Nisemacho ni kwamba mashine ya GB 4 na mtu anayeanza, ile iliyomo ndani inatosha. Kinachomponza Shangazi ni hizi flashi. Kila flashi akichomeka, kabla ya kufungua chochote, abofye kulia juu yake achague kukagua na Defender. Dakika moja au mbili. Na kimshale ASIBOFYE. Akibofya kimshale ndiyo anakiamsha kirusi, kinahamia kwenye flashi inayofuata.

[18:34] Shangazi Mwanaisha: Na zile kazi za watoto zimekwenda wapi?

[18:41] Shabani: Mara nyingi zipo Shangazi, zimefichwa tu. Kirusi kikishaondolewa, Fatma afungue dirisha jeusi la amri aandike hivi:
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
E ni herufi ya flashi. Ahakikishe ndiyo herufi yenyewe. Mafaili yanarudi yanaonekana.

[18:43] Shangazi Mwanaisha: Alhamdulillah. Yule binti nitamtafuta.

[18:50] Dada Rukia: Hayo nimeelewa. Hiyo ndogo ya Windows 7 je?

[19:06] Shabani: Hiyo ndiyo mbaya. Microsoft waliacha kuiziba matundu Januari 2020. Chrome nayo haitoi toleo jipya la Windows 7 tangu 2023. Antivairasi yoyote utakayoweka ni kama kufunga kofuli kwenye mlango usio na bawaba. Itolewe intaneti, ibaki ya kuchapia tu. Au niiwekee Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, ni bure, haili mashine sana, na hivi virusi vya vimshale vimetengenezwa kwa Windows, kule havishiki. Ila tumuongezee RAM, GB 2 itakuwa inavuta kwa shida.

[19:08] Shangazi Mwanaisha: Hiyo Linux nitaijua mie? Hii yenyewe nimejifunza kwa machozi.

[19:15] Shabani: Kuchapa na kuprinti utajua kwa siku chache. Nitakaa na wewe.

[19:17] Idi: Na hiyo ya 10 je? Nimesikia nayo imekufa

[19:29] Shabani: Umesikia sawa. Muda wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini wametoa mwaka mmoja wa nyongeza, mpaka Oktoba 2026. Mashine ikiunganishwa na akaunti ya Microsoft na kuwashwa hifadhi ya mipangilio, hailipiwi. Defender itaendelea kupokea orodha ya virusi vipya mpaka 2028. Ina maana tunapata muda wa kujipanga, hatujapona.

[19:33] Dada Rukia: Basi mchango ubaki pale pale, uwe wa RAM na bando la kuapdeti. Elfu kumi kumi. Mwisho Ijumaa. Shabani unapanda basi Jumamosi.

[19:34] Shabani: Jumamosi nina usimamizi wa mtihani Dada. Labda Jumapili.

[19:35] Dada Rukia: Labda si jibu.

[21:47] Kaka Juma (Muscat): Salaam. Nimetoka kazini sasa hivi, nimesoma yote. Natoa elfu hamsini. Lakini safari hii hela ishikwe na Shangazi mwenyewe. Ya jenereta sikuona hata picha.

[21:48] Bakari: 🙊

*Jumatano*

[05:58] Fatma: Babu ametuma sauti usiku kwenye simu yangu, ameniambia niiandike kama alivyosema kwa ambao hawana bando:
"Wajukuu zangu, nimesomewa maneno yenu. Majina ya wanachama wa chama chetu cha kuzikana, na nani kalipa na nani hajalipa, yamo kwenye hiyo kompyuta ndogo. Watu wameniamini mimi. Lile daftari la Mwanaisha lilipotea, tukasema bahati mbaya. Hili likipotea, mimi sitakuwa na uso wa kusimama msikitini. Kwa hiyo mashine isiguswe na mtu, si Shabani, si fundi, mpaka majina yote yamechapwa kwenye karatasi na nimeyashika mkononi. Na atakayeyachapa ni Idi. Akimaliza ayalete kwangu yeye mwenyewe, na apitie kwa shangazi yake kwanza."

[06:01] Dada Rukia: Tumesikia Babu. Shikamoo.

[06:03] Mama Salma: Tumesikia baba.

[06:10] Shabani: Shikamoo Babu. Ni sahihi kabisa, nilitakiwa kuanzia hapo. Idi, ukishachapa weka na nakala kwenye flashi MPYA, si ya mteja, halafu uikague kwenye kompyuta ya Fatma.

[06:44] Bakari: Shikamoo Babu

[07:02] Mjomba Hassani: 👍

[08:30] Dada Rukia: Idi, umesoma?

[08:31] Dada Rukia: Naona tiki za bluu.

[10:12] Idi: Nimesoma Dada. Shikamoo Babu. Nitakwenda.

[10:12] Dada Rukia: Lini?

[10:40] Shangazi Mwanaisha: Aje tu mwanangu, sina kinyongo. Lakini tona ya printa imekwisha tangu juzi, na hayo majina ni kurasa nyingi.

[10:55] Dada Rukia: Tona bei gani sasa? Kaka Juma, ile elfu hamsini tuitoe kwenye tona kwanza au tusubiri RAM?

[10:56] Dada Rukia: Waliochanga mpaka sasa: mimi, Mama Salma, Fatma nusu. Kaka Juma kaahidi.

[12:20] Bakari: Samahani kuingilia, nani ana namba ya fundi friji? Yetu imegoma tangu asubuhi, samaki wataharibika

[12:21] Mama Salma: Ninayo, nakutumia.

[14:03] Dada Rukia: Shabani, Jumapili ni ndiyo au hapana?