Ulinganisho: Pemba, Mafia au Maziwe kwa safari ya tanga pamoja na familia?

Baba wa Watatu (Unguja)

Assalamu alaykum. Likizo ya Desemba nimekusudia kumchukua mke wangu, watoto watatu ambao mdogo wao ana miaka 7, na mama yangu mzazi mwenye miaka 66, tuvuke bahari kwa chombo cha tanga, kwa sababu watoto hawa wamekulia mjini na hawajapata kuona foromali, ule mti unaobeba tanga, ikipandishwa ila kwenye picha. Ninazo njia tatu mbele yangu: Nungwi hadi Mkoani (Pemba), Nyamisati hadi Kilindoni (Mafia), au Pangani hadi Maziwe na kurudi siku ile ile. Namwomba yeyote aliyewahi kuvuka na familia, si na wavuvi wenzake, anilinganishie.

Mzee wa Bisho (Tumbatu)

Waalaykumu salaam, mwanangu. Umetaja visiwa kabla ya kutaja upepo. Desemba ni kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki, na kutoka Nungwi Pemba iko kaskazini mashariki, kwa hiyo upepo utakuwa wa omo, yaani wa mbele, tangu mnapong'oa nanga na itawabidi mpige bisho, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, kutwa nzima. Masafa ya moja kwa moja ni kama kilomita 55, na mashua yenye upepo mzuri huyamaliza kwa saa sita hivi; kwa bisho, huku tanga likigeuzwa kila mara, hurefuka sana, na jua linaweza kuwachwea kabla hamjaiona miti ya Mkoani.

Zaidi ya hayo, uwazi ulio kati ya visiwa hivi viwili hauna kinga dhidi ya mawimbi ya bahari kuu yanayotoka mashariki. Ni katika maji hayo meli ya MV Spice Islander I ilipozama Septemba 2011 na watu wetu kwa mamia, na ingawa ilikuwa imepakia kupita kiasi, sijawahi kupita pale bila kuwaombea dua. Safari hiyo ni ya msimu wa kusi, upepo utokao kusini, wakati upepo na mkondo vyote vinasukuma kaskazini, ila kurudi ndiko kunakokuwa kazi. Kwa Desemba siishauri.

Binti Kilindoni

Shikamoo, Mzee. Kwa sababu hizo hizo mimi naitetea Mafia. Mlango wa bahari kati ya delta ya Rufiji na kisiwa chetu hauna kina kikubwa, na Mafia yenyewe huukinga dhidi ya mawimbi makubwa ya mashariki. Ndugu yetu achague siku za bamvua, yaani za maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, ambapo maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri, ili mashua itoke Nyamisati bila kukwama kwenye mafungu ya mchanga, tena ipate umande, yaani ule upepo wa nchi kavu unaovuma kabla ya jua kupata nguvu na kuwasukuma kuelekea mashariki. Umande ukikatika mapema safari itakuwa ndefu, hilo silifichi, na maji ya kina kifupi yanapokutana na upepo mkali huinua mawimbi mafupi yanayogonga chombo mfululizo.

Mkifika, Desemba ni msimu wa papa potwe karibu kabisa na Kilindoni, na watoto wataona mashua zikiundwa kisiwani Jibondo na popo wakubwa wa kisiwa cha Chole wakining'inia mitini mchana kweupe. Safari ndogo kama hizo, ndani ya ghuba ya Chole, ndizo anazozipenda mama yangu.

Mama Pangani

Maziwe ni karibu na ni pazuri, lakini si safari aliyoiomba ndugu huyu. Ni fungu la mchanga tu tangu miti yake ilipokwisha, na maji yakijaa sana hufunikwa, ndiyo maana mayai ya kasa huhamishiwa ufukweni bara. Siku za bamvua maji hutoka kabisa karibu na saa nne asubuhi, na huo ndio wakati wa kwenda. Kivuli hakuna, kwa hiyo bibi atateseka.

Mwana wa Mkoani

Mzee amesema kweli kuhusu kwenda, lakini mbona mwenye safari asiigeuze? Nendeni Mkoani kwa meli, mkae siku tatu, mpite kisiwa cha Misali, kisha mrudi Nungwi kwa mashua, kaskazi ikiwa tezini, yaani nyuma ya chombo. Mkiondoka baada ya sala ya alfajiri, mtafika mapema mchana.

Nilirudi hivyo na wanangu miaka minne iliyopita. Binti yangu alilevywa na bahari kwa saa nzima, mpaka baharia mmoja alipomhamishia karibu na tezi, ambako chombo hakirukiruki sana, akampa ndimu anuse na kumwambia atazame mstari wa mbali wa bahari. Kabla ya saa nne alikuwa akifua maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ya chombo, kwa kopo na hakutaka kumwachia kaka yake. Nahodha wa kwanza niliyekubaliana naye nilimkataa pale pale gatini, kwa kuwa tulikuwa abiria tisa naye ana majaketi okozi manne. Mtoto avishwe la kimo chake kabla ya kupanda. Chombo kiwe na mashine ya akiba, na watoto wakae chini, mbali na demani, ile kamba ya tanga, kwa maana upepo wa nyuma ukihama ghafla tanga huvuka kwa nguvu.

Mzee wa Bisho (Tumbatu)

Hilo naliafiki. Ila Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, subirini, hata kama mmeshalipa.

Baba wa Watatu (Unguja)

Nawashukuru nyote. Mafia nimeiweka kwa mwaka mwingine, kwa sababu kutoka Unguja ni safari mbili kabla ya safari yenyewe. Tutakwenda Mkoani kwa meli na kurudi kwa tanga, na nitaacha siku mbili za ziada za kusubiri upepo. Nilidhani mama angerudi kwa meli na mizigo. Amekataa: baba yake alikuwa baharia wa majahazi, naye anataka kukaa tezini karibu na usukani, alipokuwa akikalishwa utotoni.